Barua kwa somo yangu kabla hajavuka kwenda Kalymnos

Bremen, 2 Juni

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto, pamoja na Bi Mkubwa ambaye nasikia bado yuko kwenu tangu Ramadhani. Sisi hapa hatujambo, alhamdulillahi, ila mafua ya hapa na pale. Najua nimekaa kimya miezi mingi na deni la barua ni langu, lakini leo sikuweza kungoja hadi Jumapili, kwa sababu ratiba ya safari uliyonitumia juzi imeninyima usingizi.

Nilipoona mnakwenda Kalymnos, kisiwa kilekile cha Ugiriki nilichokaa siku tisa mwaka jana, nilifurahi mno. Nikaisoma ratiba mstari kwa mstari: ufukwe wa Massouri, kuvuka kwenda Telendos, watoto kukodishiwa mbao za kupigia kasia, siku moja mjini Pothia. Kisha nikafika Jumamosi, siku yenu ya kurudi, ambapo umeandika kwamba asubuhi utazamia kwa mtungi wa hewa, mchana mtapanda boti ya kwenda kisiwa cha Kos, na jioni mtapanda ndege. Nakuomba, ndugu yangu, uufute mstari huo. Kuzamia kwenyewe sikukatazi, kwani bahari ile ni ya kuonwa na mtu kama wewe. Ninachotaka ni uihamishe mbizi hiyo iwe siku ya pili au ya tatu, na siku nzima ya mwisho uiache bila kuingia chini ya maji.

Nakujua, na jibu lako nalisikia tangu hapa: kwamba sisi tumekulia Raskazone, pwani ya Tanga, kwamba tulikuwa tukipiga mbizi kabla hatujajua kusoma, na kwamba hakuna aliyekushinda kukaa chini tulipokuwa tukitafuta kome. Yote hayo ni kweli, na ndiyo hasa yanayonitia hofu. Mwili wako umezoea jambo moja tu unapoingia chini ya maji, nalo ni kushika pumzi, na jambo hilo ndilo la kwanza ambalo mzamiaji wa mtungi hukatazwa. Sisi tulishuka na hewa tuliyoivuta juu, ikabanwa na maji, tukapanda nayo ikarudi ukubwa uleule, haikuweza kutuzidi. Mtu anayepumua kutoka kwenye mtungi akiwa mita 10 chini huvuta hewa iliyokwisha kushindiliwa na mgandamizo ambao ni mara mbili ya ule wa juu, na akiifungia kifuani huku anapanda, hewa hiyo inadai nafasi mara mbili ya ile aliyokuwa nayo. Mapafu hayana nafasi hiyo, yanachanika. Tena hatari kubwa haiko kule kilindini, iko katika zile mita chache za mwisho ambapo mtu huona mwanga, akafurahi na kujisahau. Kwa hiyo usiache kupumua hata mara moja, somo, hata pale mazoea ya utotoni yatakapokuambia funga kinywa.

Sasa nirudi kwenye ndege. Ulipokuwa unaandika ratiba ile, je, hukumkumbuka mjomba? Unakumbuka namna alivyokuwa akiinuka barazani, akiushika upindo wa kikoi juu ya paja na kuuvuta, ili mguu uufuate ule mkono? Tulikua tukidhani ni uzee, kumbe hakuwa hata na miaka 40. Alikuwa akizamia majongoo bahari kwa mitungi ya tajiri mmoja ambaye hakumfundisha yeyote kitu chochote, akishuka mara nne au tano kwa siku na kupanda kila mara kwa haraka, hadi jioni ile alipolalamika bega, kisha magoti, kisha akashindwa kushuka mwenyewe mashuani. Nyumbani walisema amepigwa na mashetani ya bahari, na vikasomwa vilivyosomwa. Mimi nimekuja kuelewa baada ya miaka mingi, tena ugenini, kilichompata.

Hewa tunayoivuta, karibu sehemu nne kati ya tano zake ni naitrojeni, ambayo huku juu inaingia na kutoka bila kutudhuru. Chini ya maji mgandamizo unailazimisha iyeyuke ndani ya damu na nyama, na kadiri mtu anavyoshuka zaidi na kukaa zaidi, ndivyo inavyozidi kujilimbikiza. Akipanda polepole, inatoka kwa pumzi. Akipanda kwa pupa, inageuka mapovu mwilini, kama soda inayofura kizibo kinapong'olewa ghafla, na mapovu hayo yakiziba njia ndani ya uti wa mgongo, miguu inakufa. Hata anayepanda vizuri, mita 9 kwa dakika na kutua dakika tatu akiwa mita 5 kama nilivyofundishwa, bado hutoka majini na mabaki ya naitrojeni yanayohitaji saa nyingi kumwisha. Sasa mtu huyo ukimpakia ndege jioni ileile, ndani ya ndege hewa ni nyepesi kama ya mlimani, ni sawa na kumtoa Raskazone na kumpandisha juu kupita Lushoto kwa dakika 20. Yale mapovu yaliyokuwa hayajazaliwa yatazaliwa huko angani. Kanuni ya wazamiaji ni kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja na angalau 18 baada ya mbizi kadhaa. Mimi nilihesabu 24 kamili, na hata baada ya hizo, nilipoketi ndani ya ndege moyo wangu ulikuwa kwa mjomba.

Na kama kuna watu duniani ambao hawahitaji kuelezwa haya, ni hao watu wa Kalymnos mnaokwenda kwao. Kwa vizazi vingi walikuwa wavunaji wa sifongo, wakiondoka na mashua baada ya Pasaka yao na kurudi majira ya baridi yakikaribia. Zamani walizamia uchi, wamekumbatia bamba la jiwe lililofungwa kamba ili liwashushe haraka, na kwa pumzi moja walifika mbali ajabu: mwaka 1913 mtu wa kisiwa jirani cha Symi alishuka zaidi ya mita 70 karibu na Karpathos akaitafuta nanga ya manowari ya Italia, Regina Margherita, na nanga ikapatikana. Lakini tangu miaka ya 1860 lilikuwa limekwisha kuletwa vazi la kuzamia lenye kofia ya shaba, linalopulizwa hewa kwa pampu kutoka mashuani. Mtu sasa aliweza kukaa chini muda mrefu, akavuna mara nyingi zaidi, akapanda bila kujua alichobeba mwilini. Vijana wengi walikufa na wengine wengi walirudi wamepooza. Sayansi ilichelewa kuwafikia: Mfaransa Paul Bert alieleza habari za naitrojeni mwaka 1878, na jedwali la kwanza la kupanda kwa vituo, la mwanasayansi Haldane wa Uingereza, lilitoka mwaka 1908.

Jioni moja bandarini Pothia niliwaona wakicheza ngoma yao iitwayo mihanikos. Wanaume wanashikana kwa mstari, na kiongozi wao anashika mkongojo. Wenzake wanakwenda kwa hatua za kawaida, yeye anajitahidi kuwafuata lakini mguu unatetemeka kuanzia gotini kabla haujakanyaga chini, anayumba, anajishikiza kwenye fimbo, anajaribu tena. Mwishoni huinuka akacheza kama mzima. Watu walipiga makofi, ila mimi sikuweza, kwa sababu ule mguu niliujua. Ndio mguu wa mjomba, somo, uliokuwa ukipita mbele yetu kila siku Alasiri akienda msikitini. Nilisimama pale nikalia, na mzee mmoja aliyekuwa ananiuzia sifongo akaniletea kiti bila kuniuliza neno.

Mzee huyo ndiye aliyenionyesha sifongo lililotoka majini siku hiyohiyo. Wewe unalijua lile la dukani, jepesi na la manjano. Likiwa hai ni jeusi, linateleza mkononi kama ini la ng'ombe, na ukilibinya linatoa maji mazito meupe yenye harufu kali. Wavunaji hulikanyagakanyaga na kulisuuza kwa maji ya bahari mara nyingi hadi ule weusi utoke. Mkipita Pothia niletee moja kubwa kwa ajili ya mama, gharama nitakurudishia.

Kosa langu mwenyewe sitakuficha, lisije likawa lako. Nilizamia mbizi yangu ya pili nikiwa na mafua, na sikumwambia kiongozi wetu kwa sababu nilikwisha kulipa. Mita 4 tu chini, sikio la kushoto liliuma kama limechomwa kwa sindano ya kushonea magunia. Nilibana pua na kupuliza kama tulivyofundishwa, lakini nilikuwa nimechelewa, kwa kuwa jambo hilo hufanywa polepole kila unaposhuka kidogo, kabla maumivu hayajaanza. Nikatandaza kiganja na kukiyumbisha, ishara ya kwamba mambo si shwari, nikaelekeza kidole sikioni. Akanipandisha mita moja, tukangoja, sikio halikufunguka, akatutoa wote. Daktari wa huku aliniambia ngozi ya sikio ilivuja damu, na nilisikia kama niko mtungini kwa wiki tatu. Ukiamka na mafua siku hiyo, usiingie, hata kama fedha haitarudi.

Katika karatasi ya maswali ya afya watakayokupa, pumu yako ya utotoni iandike. Nenda kwa daktari sasa hivi akupime na akuandikie barua, kwa maana ukifika bila barua wataweza kukukatalia, na watakuwa na haki.

Mengine ni madogo. Utashangaa kwamba kule maji hayapwi wala hayajai kama kwetu, pwani inakaa palepale asubuhi hadi usiku. Samaki ni wachache kuliko wa miamba yetu, ila maji ni maangavu kiasi cha kuona kivuli cha mashua chini mchangani. Watoto wapige kasia asubuhi tu, kwani kiangazi mchana huvuma upepo wa kaskazini wanaouita meltemi, na katika mlango ule wa Telendos nilimwona kijana mmoja akisukumwa na ubao wake hadi boti ikamfuata. Na ukikuta chini gae la mtungi wa kale, liangalie tu, usiliguse. Sheria yao ya mambo ya kale ni kali, na anayechukua hufikishwa mahakamani.

Sasa niambie: umekwisha kulipia mbizi ya Jumamosi, au umeweka jina tu? Shemeji anajua kwamba ndege na mbizi ni siku moja? Utazamia na kiongozi peke yako, au mtakuwa kundi? Umemwona daktari mwaka huu? Na mjomba, amani iwe juu yake, je, Bi Mkubwa anakumbuka aliumia mwaka gani, na kama kuna aliyewahi kumpeleka hospitali? Muulize taratibu, akiwa ametulia, nami nataka kujua alichosema kila mmoja jioni ile. Nijibu kabla ya Ijumaa, ili kama kuhamisha siku kunahitaji simu ya Kigiriki nimwombe jirani yangu wa Kos awapigie kwa niaba yako.

Wabusu watoto.

Akupendaye,
Somo yako