Watoto wapelekwe shambani washike, si kutazama

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wanaoandaa ziara za watoto mashambani.

Mwaka jana, binti yangu akiwa darasa la pili, shuleni kwao tulichangishwa Sh 30,000 kila mzazi, watoto wakapelekwa shambani Mkuranga. Alirudi jioni na picha ya darasa zima limesimama mbele ya basi. Nikamuuliza, shambani kulikuwa na nini? "Majani, baba." Walipitishwa kwa mstari, wakakatazwa kugusa, wakala chipsi kuku ndani ya basi, safari ikaisha.

Mimi ni fundi seremala hapa Keko. Kijana akija kujifunza kazi kwangu, simkalishi kwenye benchi atazame randa ikipita.

Likizo ya Juni tulimpeleka kwa bibi yake Mgeta, milimani Uluguru, kunakotoka kabichi na karoti nyingi tunazokula Dar. Sasa huyu mtoto, wali wa njegere alikuwa anauchambua kama mchele wenye mawe: njegere mojamoja anazipanga ukingoni mwa sahani. Bibi yake hakubishana naye. Alimkabidhi kikapu tu: "Haya, mke mwenzangu, usipochuma leo hatuli."

Mashamba ya kule yako kwenye miteremko. Aliteleza mara mbili, sweta likajaa udongo. Kisha nikamwona anapasua ganda kwa kucha, anatoa punje moja, anaitazama, anaitia mdomoni. Akatafuna. Akapasua lingine. Kikapu kilifika nyumbani nusu. Usiku huo alimenya mwenyewe, akapuliza moto mpaka macho yakawa mekundu, akala, akadai na ukoko.

Sisemi shamba ni dawa ya kila kitu. Bamia bado hataki hata kuziona. Ila sokoni Temeke Stereo sasa mama yake hapumui kwa maswali ya mtoto: mbona njegere hizi zimeshamenywa, zimechumwa lini?

Wapo watakaosema turudishe mashamba ya shule kama enzi za Elimu ya Kujitegemea, ile ya mwaka 1967. Mimi nimelilima la shule yetu. Jembe lilikuwa adhabu ya waliochelewa namba, na mahindi yakishavunwa hatukujua yameliwa na nani. Sikutoka pale napenda mboga, nilitoka nalichukia jembe. Mtoto achume, apike na ale alichochuma, siku hiyohiyo. Hata sufuria moja ya mchicha kwa darasa zima inatosha.

Wiki iliyopita barua ya ziara imekuja tena. Safari hii ni Sh 35,000, chakula cha mchana chipsi kuku. Nimeirudisha na swali nililoandika chini kwa kalamu: watoto watachuma nini? Mpaka leo sijajibiwa.

Mzazi,
Keko, Dar es Salaam