Kaka, samaki wamekufa na sasa wanatafuta mchawi

Mwangaluka kaka,

Najua utasema mi huwa nakumbuka watu nikiwa na shida tu, na safari hii ni kweli kabisa wala sikatai. Shemeji hajambo? Yule wa mwisho ameshaanza kutembea? Huku tupo, usiku mvua asubuhi jua kali, Mama Kulwa anakusalimia na anasema lile deni la mchele hajalisahau hata ukihamia mwezini.

Sasa sikiliza. Sato wetu wamekufa. Vizimba viwili kati ya vinne, vyote, sio wachache. Jumanne alfajiri baada ya ile dhoruba mlinzi akanipigia saa kumi na moja, bosi njoo, samaki wanavuta hewa. Nikaona ananichanganya, samaki na hewa wapi na wapi, ila nilivyofika na mtumbwi nikaelewa. Walikuwa wamejazana juu kabisa midomo wazi, wanahema kama watoto waliotoka kukimbizana, maji yananuka tope, na kila nikimulika tochi naona wengine washageuka matumbo juu. Kufika saa tatu kimya. Tulihesabu mpaka elfu tatu na mia nne tukaacha, mkono ulikuwa unauma na moyo pia. Na ule mkopo si unaujua.

Mi nilishajua kilichowaua kabla jua halijatoka, we mwenyewe tulisoma wote. Upepo umelivuruga ziwa, maji ya chini ambayo hayana oksijeni yakapanda juu, halafu kuna huu mwani wa kijani umejaa siku hizi, mchana unatoa oksijeni usiku na wenyewe unaivuta, kwahiyo alfajiri ndo inakuwa imebaki kidogo kabisa. Na sisi tulishindilia samaki kama abiria wa daladala ya Kirumba, tena karibu na ufukwe maana mwenzangu Masalu alikuwa anabania mafuta ya injini. Jirani yetu yupo kama mita mia tatu mbele kwenye maji marefu, kwake hakufa hata mmoja.

Nikamweleza Masalu yote hayo, nikachora na chini mchangani. Akanisikiliza vizuri tu mpaka mwisho, akasema sawa mwalimu, oksijeni imeisha, nimekubali. Sasa nani kaimaliza? Na mbona ya jirani haijaisha?

Kaka nilicheka, halafu nikakosa jibu la haraka. Unamkumbuka Evans-Pritchard, yule Mwingereza aliyekaa na Wazande kule kusini mwa Sudan? Wazande walijua fika kwamba ghala huanguka kwa sababu mchwa wamekula nguzo. Walichouliza wao ni kwanini liangukie saa ile ile watu fulani wamekaa chini yake. Ndo swali la Masalu lile lile, mchwa anawakubali, anachotaka ni jina la mtu.

Na jina kalipata. Jumatano kavuka kwenda kwa mzee mmoja ng'ambo (siku hizi na daraja hili la Busisi hata uganga umekuwa karibu, zamani foleni ya kivuko ingemchosha angeghairi). Laki mbili zangu, maana ni hela ya kampuni. Kuku kapasuliwa, mzee kachungulia utumbo, kasema ni mwanamke, mtu mzima, jirani, anashinda na moto, macho mekundu.

We niambie, hapa mwaloni ni nani anashinda na moto? Bi Kabula. Bi Kabula yule yule aliyekuwa anatukopesha mapanki tukiwa likizo mpaka tunafungua shule. Miaka zaidi ya thelathini anakaanga kwa kuni kwenye kile kibanda kisicho na dirisha, macho yake yatakuwa na rangi gani? Hata mimi nikikaa mle dakika tano natoka kama nimefiwa.

Hapa ndo nataka kukwambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Masalu aliponisimulia, kabla akili haijafika, mwili wangu ulisisimka. Mimi, na digrii yangu. Nikakumbuka kwamba Jumatatu jioni Bi Kabula alipita pale vizimbani akauliza samaki wanaendeleaje. Nikaanza kuunganisha. Na tangu siku hiyo nikimwona namsalimia kwa mbali, nashika simu kana kwamba kuna mtu ananipigia. Yani natenda kama mtu anayeamini huku kichwani nasema siamini, sasa hapo mimi ni wa upande gani?

Watu wanasema ukisoma sayansi uchawi unaondoka wenyewe. Uongo. Newton mwenyewe kaandika makaratasi kibao ya kutafuta jiwe la kugeuza madini kuwa dhahabu. Na timu zetu za mpira zina madaktari, zina mashine za kupima mapigo ya moyo, na bado zina kamati ya ufundi ya kwenda kwa waganga, unaijua vizuri we mwanachama. Mtu anameza dawa ya malaria na hirizi iko mkononi, wala havigombani kabisa. Kwahiyo swali la kama vinaweza kukaa kichwa kimoja mi nimeshaliacha, vinakaa, hata changu vinakaa.

Ila usiku wa juzi usingizi umekataa nikawa nasoma habari za Kepler. Yule wa sheria tatu za sayari tulizokariri bila kuelewa. Kumbe mama yake alituhumiwa uchawi! 1615 huko Ujerumani jirani akadai kampa kinywaji kikamuumiza, 1620 wakamkamata, bibi wa miaka sabini na kitu amefungwa minyororo. Kepler akaacha kazi zake akaenda kumtetea. Na kilichonishika ni hiki, Kepler naye alikuwa anapiga falaki kwa wakubwa, na kwenye utetezi hakusimama kusema uchawi haupo. Alichofanya alichukua kila ugonjwa na kila tuhuma akaonyesha sababu yake ya kawaida, moja moja, mpaka 1621 mama akaachiwa. Bibi hakuishi hata mwaka baada ya hapo lakini alikufa huru.

Ndo ninachotaka kufanya na Masalu. Simwambii uchawi haupo, hatanisikiliza, na ataniuliza kuhusu bibi yangu mzaa mama na sitakuwa na la kusema. Nataka tumalize kwanza hili la hawa samaki. Maana unajua huku kwetu Usukumani macho mekundu yamewaondoa bibi wangapi, sihitaji kukuhesabia. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928 na ramli chonganishi polisi wanakamata, lakini polisi wanafika asubuhi, mapanga... basi, niishie hapo.

Bado hajamwambia mtu, anasema. Ila Masalu akinywa bia mbili unajua.

Shida yangu ni kile kipima oksijeni cha maabara yenu. Nipe kwa wiki moja tu, kitume na basi nikakipokee Nyegezi, nauli yake juu yangu. Nimchukue Masalu alfajiri, tupime kwetu, tusogee tupime kwa jirani, asome namba kwa macho yake mwenyewe. Nilishamwambia ikishuka chini ya miligramu tatu kwa lita sato anaanza kuhangaika. Jibu la "mbona sisi" litakuwa limekaa pale kwenye kioo, maji mafupi na ubahili wake wa mafuta. Labda asilipende, nani anapenda kuambiwa mchawi ni yeye.

Halafu mpigie. We anakuheshimu, mimi ananiona mwalimu tu. Utampigia lini? Uanze na mpira kwanza au uingie moja kwa moja? Unadhani nimwambie mwenyekiti wa mtaa sasa hivi au nitakuwa nimewasha moto mwenyewe? Na wanae Bi Kabula, yule wa Geita una namba yake? Nimwambie nini, njoo umchukue mama wiki mbili, kwa sababu gani? Na we ungekuwa mimi, mwili usingesisimka? Sema kweli.

Leo mchana Bi Kabula kaja mwenyewe mpaka mlangoni, kanipa pole ya samaki, kaniletea mapanki ya moto kwenye gazeti. Yapo hapa mezani nimeyafunika na sahani tangu saa nane. Nipigie.

Wako,
Mwalimu