Shemeji, leo ni tarehe 23

Nairobi West,
23 Oktoba 2025.

Shemeji yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Sote tu wazima. Dada yako anakusalimu, na watoto hawaishi kuuliza utakuja lini. Natumai nanyi huko Kisumu mnaendelea kupoa baada ya msiba.

Ijumaa iliyopita nilikuwa uwanja wa Nyayo kwenye ibada ya kumuaga Jakom, Raila Odinga. Nilifika alfajiri, watu wakiwa wamejaa tayari na matawi mikononi, wengine wamevaa jezi za K'Ogalo, Gor Mahia yenu. Nilikukumbuka sana. Najua Jumamosi nanyi mlimpokea pale uwanja wa Mamboleo. Lakini kuna jambo sikukwambia kwenye simu. Watu walipoanza kusongamana wapite kumuaga, walisukumana, na wengine wakaumia. Nilisikia ile sauti, shemeji. Si kelele za kushangilia, ni ile nyingine. Miguu ikaniisha nguvu, nikashikilia chuma cha ngazi mpaka pakatulia.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Leo ni miaka 15 kamili tangu siku ile ya derby, Gor Mahia na AFC Leopards, watu walipofia kwenye lango la Nyayo, na hatujawahi kuizungumza vizuri.

Jioni hii nimetoka kazini nikapita pale kwa miguu kuanzia stesheni ya reli. Ile barabara ya juu ya kulipia imeifunika Uhuru Highway, mtu unatembea kivulini, lakini ukifika kwenye mzunguko wa Langata Road uwanja bado unajitokeza vilevile, na taa zake ndefu. Nilisimama ng'ambo muda mrefu. Nilikuwa najiuliza mtu akitaka kusimulia habari za uwanja huu aanzie wapi.

Marehemu baba angeanzia 1983. Kabla ya hapo, kwake mpira ulikuwa City Stadium kule Jogoo Road, na alipoambiwa serikali imejenga mwingine wa watu 30,000, wenye bwawa la kuogelea na ukumbi wa mpira wa kikapu, alitupeleka tukauone kama watu wanaokwenda kuona bahari. Jina lilitokana na wito wa Mzee Moi wa kufuata nyayo. Mimi nami ningeanzia kwenye kwaya ya shule. Tulipelekwa siku ya Jamhuri, tukaamshwa saa tisa usiku, tukakalishwa kwenye saruji baridi tukingoja rais afike. Jua lilipopanda, saruji ile ile ikatuchoma. Mwalimu alipita na ndoo moja ya maji na kikombe kimoja cha bati, kila mtoto mkupuo mmoja. Kisha tukasimama tukaimba, na sauti zetu zikatoka upande wa pili zikaturudia. Sijawahi kusikia kitu kizuri namna ile. Ndipo nilipoupenda uwanja huo, kabla hata sijaipenda Ingwe, AFC Leopards yangu.

Tangu 2010 wewe hujaingia tena. Sikulaumu. Ila umekosa mengi, na kila mara nilikuwa natamani ungekuwa kando yangu. Juni 2012, kwenye mchujo wa Olimpiki, mwanariadha wetu David Rudisha alikimbia mita 800 pale kwa dakika 1 na sekunde 42.12, katika hewa hii yetu nyepesi ya Nairobi. Watu walisimama kabla hajamaliza kona ya mwisho. Wiki chache baadaye alikwenda London akaweka rekodi ya dunia, 1:40.91, na nadhani sisi tuliokuwa Nyayo ndio watu pekee ambao hawakushangaa. Halafu 12 Desemba 2013, nchi ikitimiza miaka 50, timu yetu ya taifa, Harambee Stars, waliifunga Sudan 2-0 kwenye fainali ya CECAFA, kombe la Afrika Mashariki na Kati, mabao yote ya Allan Wanga. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua, akalia begani kwangu.

Mwaka 2017 ukafungwa ukarabatiwe kwa ajili ya CHAN ya 2018, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, nayo yakahamishiwa Morocco. CHAN ilikuja kwetu mwishowe Agosti hii. Katikati hapo tulimuaga Moi palepale, 2020, na Kibaki, 2022. Ukihesabu, tumelia pale karibu sawa na tulivyoshangilia.

Na hapo ndipo roho inaponiuma. Haya yote watu huyasimulia. Wale saba hawatajwi. Watu saba, shemeji, waliotoka nyumbani Jumamosi kwenda kutazama mpira, wakafia langoni kwa sababu umati ulikuwa unasukumana kuwahi kuingia. Ndani vuvuzela zilikuwa zinalia, ngoma ya isikuti inapigwa, wengi hawakujua lolote. Mchezo uliendelea.

Mimi nilikuwa nimeshaacha kupumua. Nakumbuka ukuta upande wa kushoto, mgongo wa mtu mbele yangu umelowa jasho, na miguu yangu haigusi chini. Kisha mkono ukanishika ukosi. Wewe, umevaa kijani cha K'Ogalo, unamvuta mtu wa buluu ya Ingwe, unaniita "Shemeji! Shemeji!" wakati huo hata dada yako sijamposa. Ulipoteza kiatu, tukapanda matatu una mguu mmoja mtupu, na konda akakataa kutudai nauli. Jezi ile ninayo kwenye sanduku. Ukosi umechanika mpaka begani. Dada yako ameomba mara nyingi aishone, nimekataa.

Sijawahi kukwambia asante. Nilikuwa naona nikilitamka neno hilo, lango lile litafunguka tena kichwani. Leo naliandika: asante, shemeji. Watoto hawa wanaouliza utakuja lini wapo kwa sababu hukuniachia.

Nina ombi moja. Derby ijayo ikichezwa Nyayo, njoo. Panda basi la usiku, nitakusubiri asubuhi, tunywe chai hapa nyumbani, halafu twende mapema kabla ya umati. Nataka tusimame langoni mimi na wewe, dakika chache tu, tuweke maua saba chini ya ukuta ule. Tukimaliza, wewe uende upande wako na mimi nielekee wangu, na nikikusikia unaimba ng'ambo ya pili nitajua ni wewe.

Nitavaa jezi ile ile.

Ni mimi shemeji yako,
wa Ingwe.