Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Ndege isipotua Mwanza, hasara ya uwanja anaihesabu nani?

Mheshimiwa Waziri,

Mwangaluka! Nakuandikia kutoka Pasiansi, kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege wa Mwanza, ninapouza supu ya sato na chapati. Wateja wangu wengi ni madereva teksi na vijana wa mizigo. Safari ikifutwa, sufuria langu hunipa habari kabla ya redio.

Juzi kati shirika moja lilifuta safari ya asubuhi, abiria wakiwa wamekwisha kukaguliwa. "Sababu za kiufundi," wakaambiwa, basi. Dereva mmoja alikuwa akimsubiri abiria wa Geita, njia ambayo imemnyanyua tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025. Akaja kwangu akanywa supu kwa mkopo. Nusu ya sufuria nikairudisha nyumbani. Watoto wakafurahi, mtaji ukanuna.

Abiria hulalamika, na ana haki. Shirika nalo halikosi pa kueleza hasara zake. Uwanja wenyewe ndio hausemewi. Ndege isipotua, ada ya kutua, inayotozwa kwa uzito wa ndege, haipo. Abiria akirudishiwa nauli, anarudi pia na ada ya huduma ya uwanja iliyomo ndani ya tiketi: shilingi 10,000 kwa safari ya ndani. Abiria 70 ni shilingi 700,000, kwa safari moja tu. Akikubali kuondoka kesho, ada hiyo imechelewa, haijapotea. Lakini chai ya leo kwenye mgahawa wa uwanja hatainywa mara mbili kesho. Na wapo wanaochoka kusubiri wakaenda zao Nyegezi kupanda basi. Wengine hao hawarudi tena.

Matumizi, kwa upande wake, hayajui kufutwa. Zimamoto lazima wawe tayari hata kama siku hiyo zinatua ndege mbili badala ya tano. Walinzi wanalipwa, taa zinawaka.

Mwaka 2020, corona ilipozuia safari, dunia nzima ilionja jambo hili. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilikadiria kwamba abiria walishuka kutoka bilioni 4.5 hadi bilioni 1.8, na viwanja vikakosa mapato ya takriban dola bilioni 115. Ile ilikuwa mafuriko, kila mtu aliiona. Yetu ni bomba linalovuja usiku.

Ombi langu, Mheshimiwa: kila mwezi zitangazwe safari zilizofutwa kwa kila kiwanja, sababu yake, na mapato yaliyokosekana. Mvua na radi za ziwani hatumdai mtu. Lakini shirika likifuta safari dakika za mwisho kwa sababu tiketi hazikununuliwa, au kwa kuwa ndege yake imepelekwa njia nyingine yenye faida, liulipe uwanja ada ya kutua kana kwamba limetua. Najua watasema nauli itapanda. Mbona imekuwa ikipanda bila kusubiri kisingizio hicho?

Siku ukija Mwanza, kibanda changu kiko kushoto ukielekea mjini. Sato nitakuchagulia mwenyewe. Ila safari yako ikifutwa, tafadhali tuma mtu aniambie mapema, nisiwashe jiko.

Wako,
Mpika supu, Pasiansi