Mdogo wangu, bendi za Taiwan usizitie kapu moja

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Juzi uliandika kwenye kundi la familia kwamba muziki wa Taiwan ni pop ya Kichina tu, mapenzi na machozi, na kwamba ukisikia bendi moja umezisikia zote. Sikukujibu palepale kwa sababu jambo hili nalipenda mno kulimaliza kwa mstari mmoja.

Anza na lugha. Watu wengi huko huzungumza Kihokkien, lugha ya Kichina ya kusini, majumbani, na wenyewe hukiita Kitaiwani. Chama cha Kuomintang kilitawala kwa sheria ya kijeshi kuanzia 1949 hadi Julai 1987, na miaka hiyo Kimandarini, Kichina rasmi, ndicho kilichotakiwa shuleni. Redioni na kwenye televisheni Kitaiwani kilibanwa. Mtoto aliyeponyokwa na neno la nyumbani darasani alitozwa faini au kuvishwa kibao shingoni. Aibu ya namna hiyo unaijua, bibi alitusimulia ya kwake.

Ndiyo maana gitaa la umeme likipigwa na mtu akaimba Kitaiwani, wasikilizaji wa kule wanasikia zaidi ya wimbo. Mwaka 1989 wanamuziki wa Blacklist Studio walitoa albamu kwa lugha hiyo, yenye maneno makali ya siasa. Mwaka 1998 mwanaroki Wu Bai na bendi yake ya China Blue wakafuata na ya kwao. Mayday, vijana wa klabu ya gitaa ya sekondari moja ya Taipei, walichanganya lugha zote mbili kwenye albamu yao ya kwanza ya 1999. Baadaye wakahamia zaidi kwenye Kimandarini, na 2012 wakapiga uwanja wa Kiota cha Ndege, Beijing. Siwalaumu, ila nyimbo zao za mwanzo ndizo zinazonigusa.

Sasa nisikilize kuhusu Fire EX., wapiga punk kutoka Kaohsiung. Machi 2014 wanafunzi waliliteka bunge mjini Taipei kupinga mkataba wa biashara ya huduma na China, wakakaa humo zaidi ya wiki tatu. Wanafunzi wa sanaa wakawaomba Fire EX. wimbo. Wimbo walioutunga ni wa lugha ya Kitaiwani, na hauanzi kwa kumtukana mtu: kijana anazungumza na mama yake, anamwomba asiwe na wasiwasi. Hapo ndipo mimi hushindwa kujizuia. Mwaka uliofuata ulipata tuzo ya wimbo bora wa mwaka ya Golden Melody, tuzo kubwa za muziki za Taiwan, na Mei 2016 ukaimbwa kwenye sherehe ya kumwapisha Rais Tsai Ing-wen.

Chthonic ni habari nyingine kabisa. Hao ni metali nzito, na ndani ya kishindo kile utasikia erhu, zeze la nyuzi mbili, likilia. Wameimba juu ya Waseediq, wenyeji wa asili wa kisiwa, walioinuka dhidi ya watawala wa Kijapani huko Wushe mwaka 1930, na juu ya mauaji ya 1947, serikali ya Kuomintang ilipowaua raia walioipinga. Mwimbaji wao, Freddy Lim, alichaguliwa kuwa mbunge 2016.

Hebu niambie, hao wanafanana wapi?

Anza na Fire EX., kisha unipigie tuzungumze. Chthonic usiwasikilize kwa spika ya simu, besi yote itapotea. Tafuta hedifoni.

Kaka yako