Uhaba wa pesa usiwagombanishe polisi

Mhariri,

Nilistaafu kazi ya polisi nikiwa sajini, na vijana niliowapokea kituoni wangali wananipigia simu. Siku hizi wanalalamikia mafuta. Landkruza imeegeshwa tangu asubuhi. Mama aliyevunjiwa duka anaambiwa atoe pesa za mafuta kama anataka askari wafike, na taarifa yake inaandikwa kwenye karatasi zilizochanwa katika daftari la mtoto wa konstebo. Hayo ni mabaya, ila yanayofuata ndiyo yananikosesha usingizi. Konstebo anaamini OCS, yaani mkuu wa kituo, ameuza mafuta. OCS anamshuku dereva. Dereva naye anaapa kwamba mgao wenyewe ulifika nusu. Miezi michache ikipita hivyo, watu hawasalimiani tena kwenye gwaride, na usiku wanatumwa doria pamoja wakiwa na bunduki na kinyongo.

Rais William Ruto alipokataa kutia saini Mswada wa Fedha mnamo Juni 26, 2024, serikali ilikosa Sh346 bilioni ilizotarajia kukusanya, na bajeti za wizara zikakatwa. Polisi waliingia kipindi hicho wakiwa na ahadi. Jopokazi la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga lilikuwa limependekeza nyongeza ya mishahara ya hadi asilimia 40, na utekelezaji ukapangwa kwa awamu, miaka mitatu, kuanzia Julai 2024. Ahadi ya awamu huzaa uvumi kila bajeti inaposomwa: mara GSU (kikosi cha kutuliza ghasia) watalipwa kwanza, mara AP (polisi wa utawala) wameachwa, mara wa makao makuu wameshapata. Nawasihi maafisa wasiupokee uvumi huo bila ithibati. Anayegawanya vikosi kwa maneno anamrahisishia kazi yule anayetaka kukata zaidi.

Walimu wa sekondari wana chama chao, KUPPET, na Agosti 2024 kiliwaongoza katika mgomo. Polisi hana njia hiyo. Kifungu cha 24(5) cha Katiba kinaruhusu sheria kubana haki zake za kuunda vyama, kuandamana na kugoma. Mimi nakubali kwamba aliyekabidhiwa silaha hafai kugoma, lakini hilo halimaanishi anyamazishwe. Uingereza ilipowakataza polisi wake kugoma, sheria ya mwaka 1919 iliwaundia pia shirikisho la kuwasemea. Bajeti yao ilipokatwa karibu karne moja baadaye, zaidi ya maafisa 30,000 waliokuwa nje ya zamu waliandamana London, Mei 10, 2012. Hawakuzuia kupunguzwa kwa nafasi za kazi. Walau serikali iliwasikia wakisema kwa kauli moja, konstebo na wakubwa wake.

Umoja ninaouombea si wa kufichana. Askari anayemfichia mwenzake aliyempiga risasi kijana asiye na silaha anawafanya wote kituoni wachukiwe, hata yule aliyekuwa ofisini akiandika OB, kitabu cha matukio. Na vijana waliojaza barabara Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha walikuwa wakiuliza pesa za umma zinakwenda wapi. Konstebo anayechana daftari la mwanawe ana haki ya kuuliza swali lilo hilo.

Kwa hivyo namwomba Inspekta Jenerali aagize kila kituo kibandike ubaoni, kila mwezi, lita za mafuta na karatasi zilizopokelewa, pamoja na safari ambazo gari limekwenda. Takwimu hizo zipo tayari kwenye vitabu vya kituo, wala hazihitaji Bunge kuidhinisha shilingi yoyote. Pawe pia na kikao cha kila mwezi ambapo konstebo anaweza kumwuliza OCS kuhusu takwimu hizo bila kuamkia barua ya uhamisho.

Nanyi maafisa, mchango wa matibabu au mazishi unapopitishwa kwenye simu zenu, msiangalie kwanza jina la ukoo wala rangi ya sare ya kikosi alichoanzia kazi. Nimeona wajane wa askari wakirudi mashambani na bahasha nyembamba kwa sababu marehemu alitoka "upande ule". Jambo hilo lilikuwepo kabla ya bajeti kukatwa, na sasa linazidi kwa kuwa kila mtu ana kidogo. Mnaweza kulikomesha mwezi huu.

Sajini mstaafu,
Nakuru