Kasha la Chaki Lisifungwe: Wito wa Harambee ya Idara ya Historia

Ndugu wahitimu, wanafunzi, walimu wetu mliostaafu na jamaa wote wa idara,

Wengi mlishapata tanzia. Mama Ofisi, mama aliyeshika ofisi ya idara yetu, ametutoka, siku nane kabla ya mahafali, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Familia imetuomba tusilitumie jina lake katika matangazo ya fedha, nasi tumekubali bila ubishi. Hata hivyo ni wachache kati yetu waliolijua hilo jina. Profesa alimwita Mama Ofisi, mfagizi alimwita Mama Ofisi, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akitumwa mara moja tu kufuata ratiba, alirudi naye akimwita vivyo hivyo.

Naandika kwa niaba ya kamati kuwaomba mchango. Nianze na kasha, maana asiyelijua kasha hataelewa tunachangia nini.

Kwenye droo ya chini ya meza yake, upande wa kushoto, mlikaa kasha la chaki: lile la mbao lenye kifuniko cha kuteleza, la enzi za ubao mweusi. Ndani hamkuwa na chaki. Mlikuwa na pesa, na pembeni yake daftari nene la jalada gumu lililofungwa kwa mpira. Mwanafunzi aliyekwama alisimama mlangoni akijiumauma, naye Mama Ofisi akauliza bila kuinua macho, “Namba yako?” Aliandika tarakimu tatu za mwisho za namba ya usajili, tarehe, kiasi, na neno moja. Jalada. Joho. Faini. Nauli. Jina hakuandika. Ukilipa, aliukata mstari wako kwa kalamu nyekundu akitumia rula, rula kabisa, kama karani anayefunga hesabu za mwaka. Usipolipa hakukuuliza, wala hukumsikia akikutaja kwa mtu.

Pesa za kuanzia zilikuwa zake. Baadaye walimu wawili watatu waligundua, wakawa wanatumbukiza chochote kila mwisho wa mwezi. Mkuu wa idara aliyepita alijua akanyamaza, jambo ambalo kikanuni si sawa na ambalo kamati hii inamshukuru kwalo.

Asiyekaa ofisini hudhani mwanafunzi anakwama kwa kushindwa masomo au kwa kukosa ada yote. Wapo hao, na shida yao inazidi uwezo wa idara. Lakini aliyefika mwaka wa mwisho ameshavuka makubwa. Kinachomwangusha ni vidogo vinavyomjia kwa pamoja ndani ya majuma matatu: kuchapa tasnifu na kujalidi nakala tatu, faini ya kitabu kilichopotea mwaka wa pili, kitasa cha bweni kilichovunjwa na mwenzake wa chumba, amana ya joho. Halafu fomu ya kutodaiwa, inayozunguka kutoka maktaba hadi bwenini hadi uhasibu ikitafuta mihuri, na ukikosa mmoja cheti kinabaki kabatini. Tunao watu waliofaulu vizuri ambao vyeti vyao vimekaa miaka mingi kwa deni lisilotosha kununua jozi ya viatu.

Chuo Kikuu cha Georgia State huko Marekani kililiona jambo hili kwenye hesabu zake chenyewe. Mwaka 2011 kilianza kutoa ruzuku ndogondogo kwa wanafunzi waliokuwa wanakaribia kufutwa kwenye usajili kwa ajili ya salio dogo la ada, na waliokaribia kumaliza wakatangulizwa. Hakuna aliyetakiwa kuandika barua ya kuomba. Chuo kiliangalia nani amebakiza kidogo, kikamfuata. Sisi hatukuwa na ofisi ya takwimu, tulikuwa na mama mmoja aliyejua kumsoma mtu anavyosimama mlangoni.

Mimi mwenyewe nimo katika daftari lile. Nilipokuwa mwaka wa mwisho nilikopa pesa za kujalidi tasnifu, nikapeleka kazi, nikafuata kifurushi siku moja kabla ya tarehe ya kukabidhi. Nilipokifungua nikaona mwaka uliochapwa kwa rangi ya dhahabu kwenye nakala zote tatu ni mwaka uliopita. Kosa langu: ndivyo nilivyoandika kwenye karatasi ya oda. Nikarudi mlangoni. “Namba yako?” akaniuliza, kana kwamba hatujawahi kuonana, akanihesabia tena. Nilipopata kazi nililipa deni la kwanza. La pili nilisahau, au tuseme nilijisahaulisha. Mwezi uliopita nikiwa na mweka hazina tunalikagua daftari nikaukuta mstari wangu: tarakimu tatu, tarehe, kiasi, na maneno “jalada tena.” Neno “tena” limepigiwa mstari wa penseli. Halijakatwa kwa wino mwekundu. Nimefundisha katika idara hii miaka kumi na moja, na kila siku ya kazi nimepita mbele ya meza ile nikimsalimu.

Sasa kuhusu sherehe, maana wapo waliotulaumu kwa kuifanya tukiwa na msiba. Sherehe ya wahitimu ya idara hufanyika jioni baada ya mahafali makuu, kwenye ukumbi wetu wa mihadhara, viti vimesukumwa ukutani. Mwaka huu tuligawanyika. Walimu wengi tulitaka iahirishwe. Wanafunzi walisema wazazi wameshafika, na kwamba Mama Ofisi ndiye aliyeweka nafasi ya ukumbi kwa mwandiko wake mwenyewe. Kuifuta kungekuwa kumfuta yeye kwenye kitabu. Wakashinda. Muziki ukapunguzwa, kiti kimoja karibu na mlango kikaachwa wazi.

Kila mwaka kuna igizo la kutuiga walimu, na mwaka huu kama kawaida kulikuwa na binti aliyepangiwa kumuiga Mama Ofisi. Alikuwa ameshafanya mazoezi kabla ya msiba. Alikuja kutuuliza afanyeje, na hakuna hata mmoja wetu, pamoja na shahada zetu, aliyekuwa na jibu. Jioni ile alipanda jukwaani amepandisha miwani kwenye paji la uso, akakaa mezani, akafungua droo isiyokuwepo, akasema bila kuinua macho, “Namba yako?”

Ukumbi ulinyamaza. Kisha mtu wa nyuma akataja namba yake, tarakimu tatu, kwa sauti. Akafuata mwingine. Na mwingine. Watu wakaanza kucheka huku wanataja namba, hata sisi wa zamani, hata mhadhiri mmoja ambaye sikuwahi kumdhania kabisa. Tulicheka hadi kicheko kikageuka, na wazazi ambao hawakujua lolote wakawa wanatutazama na kushikana mikono.

Mwenzetu wa saikolojia alituambia baadaye kwamba hatukuwa tumekosa adabu. Watafiti wawili, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa hakai kwenye huzuni moja kwa moja mpaka iishe. Huenda kwenye kidonda, akarudi kwenye shughuli za maisha, akaenda tena, na huko kwenda na kurudi ndiko kunakomwezesha kubeba msiba. Waliotuandikia barua kali tunawaheshimu. Ila yule binti asilaumiwe, kama kuna wa kulaumiwa ni sisi tuliomwachia aamue peke yake.

Mtavumilia kidogo, hii ni idara ya historia. Chuo Kikuu cha Bologna huko Italia, kinachohesabu umri wake tangu mwaka 1088, hakikuanza na majengo. Neno la Kilatini universitas lilikuwa na maana ya chama, watu waliofungamana. Wanafunzi waliotoka mbali walijipanga kwa nchi walizotoka, wakachangishana, wakamtazama mgonjwa wao, wakamsindikiza maiti wao kaburini. Hilo joho tunalokodi siku hizi kwa siku moja na kulilipia faini likichelewa lilikuwa vazi la kila siku la watu hao, la kukingia baridi kwenye vyumba visivyo na moto. Kwa hiyo anayesema kasha la chaki si kazi ya chuo kikuu, sisi wanahistoria tutamkatalia kwa adabu.

Historia hiyohiyo inatupa na onyo. Mwaka 1643 mjane wa London, Ann Radcliffe, aliyejulikana kama Lady Mowlson, alitoa pauni 100 za kumsaidia mwanafunzi maskini wa chuo cha Harvard huko Amerika. Pesa hizo zikaingizwa kwenye hazina ya koloni la Massachusetts, na kusudi alilozitolea likasahaulika kwa muda mrefu. Hakuna haja ya kumtafuta mwizi. Pesa isiyo na mahali pake humezwa na shughuli za jumla, na aliyetoa hubaki jina tu. Ndiyo maana kamati imekataa pendekezo la kuweka michango yenu kwenye akaunti kuu.

Tunachotaka kufanya ni hiki. Kwanza, kulijaza kasha. Fungu hili litazunguka: mwanafunzi anakopa, analipa akipata, hakuna riba wala mdhamini. Uzoefu wa daftari unaonyesha wengi hulipa, wengine huchelewa sana (tazameni mimi), na wachache hawalipi kamwe. Kwa ajili ya hao wachache fungu litapungua kila mwaka lisipoongezwa, na tunawaambia mapema ili asije mtu akashangaa.

Pili, polepole, tuanzishe mfuko wa kudumu, ambao mtaji wake hauguswi na kinachotumika ni faida tu. Hapa naomba msidanganyike na furaha ya harambee. Mifuko mingi ya namna hii katika vyuo hutoa kama asilimia 4 au 5 ya thamani yake kwa mwaka ili mfumuko wa bei usiutafune mtaji. Kwa asilimia 4, mkitaka kutoa fungu 1 kila mwaka mnahitaji mafungu 25 yaliyolala. Kuwavusha wanafunzi 30 kila mwaka kunahitaji mtaji wa kuwavusha 750. Hatutaufikia siku moja, wala miaka mitano. Tunaanza na kasha kwa sababu mwanafunzi wa mwaka huu hawezi kusubiri riba ya mwaka kesho kutwa.

Akaunti itakuwa ya pekee, yenye watia saini watatu: mwalimu mmoja, mhitimu mmoja na mwakilishi wa wanafunzi, na hakuna pesa itakayotoka bila saini mbili. Namba ya akaunti mtaipata kwa barua yenye muhuri wa idara, na mkiwa na shaka ulizeni ofisini kabla ya kutuma. Akikupigia mtu akakuomba mchango wa Mama Ofisi kwenye namba yake binafsi, usitume. Kila mchango una stakabadhi, hata uwe mdogo namna gani, na hesabu zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila muhula: pesa ngapi zimeingia, wangapi wamesaidika, kwa neno gani kati ya yale manne. Majina hayatabandikwa.

Siku ya harambee ni Jumamosi ya mwisho kabla ya muhula mpya kufunguliwa, ukumbi wa mihadhara wa idara, kuanzia saa nane mchana. Hatukualika mgeni rasmi. Kamati ilibishana sana juu ya hili, kwani mgeni rasmi huleta pesa, lakini huleta na hotuba. Wala hatutasoma viwango kwenye kipaza sauti. Mwanamke huyu alificha majina ya watu maisha yake yote ya kazi, sasa tusimame kutangaza nani katoa nini kwa ajili yake? Mtaingia, mtatumbukiza, mtaandikiwa stakabadhi, mtakaa na wenzenu mzungumze. Walio mbali wanaweza kutuma ahadi, na ahadi tunazipokea hadi mwisho wa muhula wa kwanza. Walio na ujuzi wa uhasibu na muda wa jioni moja kwa mwezi, tunawahitaji kuliko mnavyodhani.

Wanafunzi mlioko sasa hamtakiwi kuchanga. Njooni tu.

Daftari litakuwepo mezani, limefungwa kwa mpira wake, na mweka hazina atakaa nalo mwanzo hadi mwisho. Hakuna atakayelisoma. Ila kama unakumbuka namba yako na unahisi mstari wako haujakatwa, mnong’oneze tarakimu tatu, atautafuta mwenyewe. Kalamu nyekundu ipo na rula ipo. Wangu nimeshaulipa, lakini nimemwomba asiukate mpaka siku hiyo.

Katibu, Kamati ya Harambee
Idara ya Historia